Mstari wa Nne

Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa kabati la nguo, kwa sababu kuta za chumba kile zilikuwa zimekula unyevu wa mvua na hazikushika gundi tena. Ilikuwa na mistari sita. Sunila aliiandika kwa mkono, kwa wino wa kijani, kama alivyofanya kila mara alipopanga toleo jipya la programu yake. Milan, mwenzake wa kazi aliyekuwa Pokhara, alimcheka kwa hilo. Alisema dada Sunila anatengeneza programu za dunia nzima na kuzipanga kama mtu anayekwenda gengeni kununua vitunguu.

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya wakwe zake, katika mji wa Patan. Hapo ndipo Sunila Dangol alipofanyia kazi, kitanda upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Alichotengeneza ni programu-jalizi, kijiprogramu cha kuchomekwa kwenye tovuti yenye watu wengi. Tovuti kama hiyo daftari moja la kumbukumbu haliitoshi. Huwekwa daftari kuu, na pembeni nakala zake tatu au nne. Anayeandika jambo huandikiwa kwenye daftari kuu. Anayekuja kusoma, programu ya Sunila humpeleka kwenye nakala isiyo na foleni. Daftari kuu huzipasha nakala habari kila linapoandikwa jambo jipya, na siku za kawaida kazi hiyo haichukui hata muda wa kupiga chafya. Siku ya msongamano, nakala huweza kubaki nyuma.

Mstari wa nne ulihusu siku hizo. Ulisema: *Aliyeandika sasa hivi asomee kwenye daftari kuu, mpaka nakala zote zipate habari.*

Mstari huo haukutoka chuoni. Ukoo wa mumewe ulikuwa na chama chao, guthi, chenye nyumba kumi na moja, na kila mwaka nyumba moja hushika zamu ya karamu. Siku ikibadilishwa, mjumbe hutoka nyumba ya zamu na kuzunguka. Mpaka azimalize nyumba zote, mwenye shaka haulizi kwa jirani. Anakwenda nyumba ya zamu yenyewe. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake Sunila hakuyajua hayo. Aliuliza kwa jirani, akajitwika kapu la mchele wa kupondwa na maandazi ya dengu, akafika uwanja wa karamu peke yake, siku ambayo karamu ilikuwa imekwisha ahirishwa. Wake wa ukoo walimcheka miezi mitatu. Kila alipopita walimuuliza kama leo pia kuna karamu.

Siku ya kupanga toleo, Bwana Upreti alikuwa kwenye simu pamoja nao. Kampuni yake ilitengeneza tovuti za udahili wa vyuo, na ndiyo iliyowalipa Sunila na Milan mshahara. Aliisikiliza orodha yote, kisha akasema anataka ukurasa wa michoro ya rangi, unaoonyesha kila nakala inavyofanya kazi, ili wateja wake wauone ukichezacheza. Zilibaki wiki saba tu kabla ya msimu wa udahili. Kama michoro inaingia, kitu kingine lazima kitoke.

"Huo wa nne unaweza kungoja," alisema. "Dada, mteja hauoni huo. Mtu ananunua anachokiona."

Milan alisema huo si wa kusogezwa. Bwana Upreti akacheka kwa upole, akamuuliza Sunila, yeye mwenye programu, anaonaje. Sunila aliona vibaya. Aliuona ule uwanja mtupu na kapu lake. Lakini alikuwa mtu ambaye hakuweza kumwambia "hapana" mwanamume anayengoja jibu. Alisema atafikiri. Jioni ile ile Bwana Upreti alimwandikia barua pepe kumkumbusha, naye akajibu kwa maneno matatu: *Sawa, hakuna shida.* Kisha akaufuta mstari wa nne kwa kalamu, na kando yake akaandika: toleo lijalo.

*

Anjila, mdogo wa mumewe Sunila, alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa amefaulu. Jina lake lilitoka nafasi ya thelathini na moja kati ya arobaini watakaosomeshwa uuguzi bure katika chuo cha pale pale Patan, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka nyumbani. Kilichobaki ni kuthibitisha kwenye tovuti, na siku ya mwisho ilikuwa ile, kabla ya saa kumi na moja jioni. Asiyethibitisha, nafasi yake inapewa anayefuata. Chini ya jina lake palikuwa na chaguo la pili, chuo cha Dhangadhi, magharibi kabisa, basi linalala njiani, na ada unalipa mwenyewe. Sheria ilikuwa moja: chaguo la mwisho kuthibitishwa ndilo linalohesabiwa.

Umeme ulikatika mchana ule wote, ukarudi saa kumi na nusu. Sunila alikuwa amekwenda mtaa wa Kupondole kutengenezesha chaja. Nyumbani walikuwa Anjila, mama yake Hera Maya, na kaka yake Bikendra, mume wa Sunila, aliyewahi kutoka karakana ya kuchonga madirisha, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi.

Anjila alibonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukatua, ukasema: *Hujathibitisha.*

Aliusubiri. Akaufungua upya. Hujathibitisha. Akatoka akarudi. Hujathibitisha. Mama yake alikuwa akiita miungu ya nyumbani mmoja mmoja kwa jina. Bikendra alisimama nyuma ya kiti akitazama saa ya ukutani, akamwambia dadake labda wamemkataa, labda nafasi zimekwisha, labda jina limekosewa. Ilipofika saa kumi na dakika hamsini hakuweza kuvumilia.

"Chagua lile la pili," alisema. "Utakosa yote mawili. Chagua, Anjila, chagua."

Anjila akachagua. Ukurasa ukazunguka, ukasema tena: *Hujathibitisha.* Hakuthubutu kuufungua tena. Ilipofika saa kumi na moja na dakika tano aliufungua mara ya mwisho, nao ukamshukuru kwa kuthibitisha chuo cha Dhangadhi.

*

Asubuhi walikwenda chuoni wote wanne. Karani aliwaita dirishani baada ya saa mbili za foleni. Alikuwa mwanamke mwenye subira, jambo lililofanya mambo kuwa magumu zaidi. Aliwachapia karatasi na kuisukuma chini ya kioo, akaweka kidole.

"Saa kumi na dakika arobaini na moja, amethibitisha hapa kwetu. Tumempokea. Saa kumi na dakika hamsini na mbili ametuacha, amekwenda Dhangadhi. Kwa mkono wake mwenyewe."

Hera Maya alisema ukurasa ulikataa, yeye aliuona kwa macho. Karani akauliza kwa adabu kama mama anajua kusoma. Hera Maya alijua majina ya miungu na namba za simu, si zaidi. Watu wa foleni walikuwa wakisikiliza.

Ndipo Bikendra, aliyekuwa hajui pa kuificha aibu yake, akamgeukia dadake mbele ya watu wote. Alisema alimkataza tangu zamani kuchezea simu usiku kucha, vidole vyake havitulii, anabonyezabonyeza kama kuku anadonoa. Anjila aliikunja ile karatasi mara nne, ikawa ndogo kama tembe ya dawa, akaiweka kiganjani.

Sunila alikuwa nyuma yao. Alikuwa ameziona namba mbili zile, arobaini na moja na hamsini na mbili, akaukumbuka mstari wa nne. Aliuliza kwa sauti ndogo tovuti ile ni ya nani. Karani akamtajia kampuni ya Bwana Upreti.

*

Sunila alimwomba Milan kumbukumbu za tovuti za siku ile, naye akazipata kabla ya adhuhuri. Alipiga simu na kwa mara ya kwanza hakuanza na utani.

"Dada, umekaa?"

"Nimesimama. Sema tu."

Alisema saa ya mwisho waliingia watu elfu sita kwa pamoja. Daftari kuu halikutetereka, liliandika kila kitu. Nakala ya tatu ndiyo iliyolemewa, ikawa nyuma kwa dakika kumi na tatu. Wote waliopelekwa kusoma pale waliona habari za dakika kumi na tatu zilizopita. Michoro ya rangi iliionyesha nakala ile kwa wekundu unaopendeza, lakini ofisini hapakuwa na mtu wa kuitazama. Kati ya watu hao, waliothibitisha kisha wakaghairi wenyewe kwa kudhani wamekataliwa walikuwa kumi na wanane.

"Mmoja ni Anjila Dangol," Milan alisema. "Ni jamaa yako?"

Sunila aliutazama mlango wa kabati. Wino wa kijani ulikuwa umefifia kidogo, lakini alichokifuta kilisomeka vizuri kabisa.

"Ni wifi yangu," alisema.

*

Jiko lilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, na wasio wa ukoo hawakuingia humo. Kwa siku mbili watu walikula kwa zamu ili wasikae pamoja. Siku ya tatu Hera Maya aliita wote mchana, akapakua wali, dengu na mboga ya majani ya haradali, akawaamuru wale. Anjila alikaa karibu na jiko, goti kifuani, akiviringisha tonge lile lile.

Bikendra alisema amezungumza na fundi mkuu, pengine atakopeshwa ada ya Dhangadhi ya muhula mmoja. Alisema hivyo akiutazama wali. Hera Maya akajibu kwamba binti yake hakuzaliwa na akili ya kutosha kubonyeza kitu kimoja, je, huko Dhangadhi atachoma watu sindano?

"Mama," Sunila alisema. "Anjila hakukosea. Nimekosea mimi."

Walimtazama wote. Sunila hakuwa mtu wa kusema wakati wa kula. Uso ulimwaka, na akayatamka maneno kwa kasi kabla hayajamkimbia. Alieleza daftari kuu na nakala zake, akaeleza kuwa programu inayowaelekeza watu ni yake, aliyoitengeneza chumbani chini, yenye kulisha nyumba hii. Bikendra alikunja uso, hakuelewa. Hera Maya ndiye aliyeinua mwiko hewani kumnyamazisha kila mtu.

"Ngoja. Mtoto alipeleka habari nyumba ya zamu. Habari ikapokelewa."

"Ndiyo, mama."

"Halafu alipotaka kuhakikisha, akapelekwa kuuliza kwa jirani. Na jirani mjumbe hajamfikia."

"Ndiyo."

"Nani alimpeleka kwa jirani?"

"Mimi. Programu yangu. Nilikuwa nimepanga kuweka kitu cha kumrudisha nyumba ya zamu. Nikakiondoa."

Hera Maya aliuweka mwiko chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Na ulijua," alisema. "Wengine wangesema hawakujua. Wewe ulijua. Ulibeba kapu mpaka uwanjani ukachekwa ukoo mzima, ukaja kulia hapa hapa nilipokaa. Mimi ndiye niliyekufunza."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini sasa?"

Sunila alitafuta jibu lililo kubwa kidogo, akalikosa. "Niliona haya kukataa."

Dengu ilichemka, ikatulia. Anjila alikuwa ameacha kuviringisha tonge.

"Wifi," alisema. "Kwa hiyo nilibonyeza sawasawa?"

"Sawasawa. Saa kumi na dakika arobaini na moja. Mara moja tu, na ilipokelewa."

Anjila akaitikia kwa kichwa. Aliitikia mara nyingi, kisha uso ukamvunjika, akauficha kwenye magoti. Bikendra aliinuka bila kunawa. Alifika mlangoni, akarudi, akachukua sahani ya dadake iliyopoa, akamwekea wali mwingine wa moto na kuiweka karibu na mguu wake. Alirudi kukaa.

Sunila alisema ataandika barua kwa bodi ya chuo, na ndani yake ataweka kila kitu, saa na dakika, kwa jina lake. Bikendra akauliza kama ameufikiria mshahara. Upreti hatamweka kazini hata wiki. Mwaka huu zamu ya karamu ilikuwa ya nyumba yao, nyumba kumi na moja za watu watakuja na matumbo yao, na paa la upande wa mashariki bado lilikuwa bati tupu tangu tetemeko la ardhi.

"Watakula maandazi ya dengu bila nyama," Hera Maya alisema. "Mficha uchi hazai. Andika." Akageuka kwenye jiko, na bila kumtazama mkwewe akaongeza: "Lakini mimi usiniongeleshe leo."

*

Barua ilikuwa kurasa mbili. Bwana Upreti alipiga simu asubuhi iliyofuata, sauti yake ikiwa na huzuni zaidi kuliko hasira, na Sunila akatamani angefoka.

"Dada, kwa nini hukuja kwangu kwanza? Tungesema ni mtandao. Kila mtu nchi hii anaamini ni mtandao."

"Mtandao haukuwa na kosa."

"Na kosa ni langu? Nilikuuliza, ukakubali. Ninayo barua pepe yako hapa. 'Sawa, hakuna shida.' Niwapelekee bodi?"

"Wanayo," Sunila alisema. "Nimeiambatisha."

Kisha Bwana Upreti akasema mkataba unaishia mwisho wa mwezi, akamwombea heri, akakata. Sunila alipompigia Milan kumwomba radhi, maana mshahara uliokatwa ulikuwa na wake ndani, Milan alisema shemeji yake ana duka la simu Pokhara na siku zote alimtamani awe karani. Alijaribu kucheka, haikutoka vizuri. Halafu akauliza wanaanza na mstari gani.

Walianza na wa nne. Michoro waliiacha jinsi ilivyo.

Jibu la bodi lilikuja baada ya siku nane. Wasichana na wavulana wote kumi na wanane waliruhusiwa kurudi, kama nafasi itapatikana. Nafasi ya Anjila alikuwa amepewa msichana kutoka Ramechhap, aliyekwisha hamia bwenini na godoro lake, na bodi haikuona haki ya kumtoa. Anjila aliwekwa wa pili kwenye orodha ya kusubiri. Ikiwa wawili wataacha kabla ya mwezi kwisha, ataingia. Ikiwa sivyo, ni Dhangadhi, au mwaka mwingine. Hera Maya alisomewa barua ile mara mbili. Alisema huyo wa Ramechhap naye ana mama.

Alasiri moja Sunila alimwita Anjila chumbani. Kwenye kompyuta alikuwa ameweka ukurasa wa majaribio, mweupe, wenye kitufe kimoja. Nyuma yake aliweka daftari kuu na nakala tatu, na nakala ya tatu akaifunga makusudi ili ibaki nyuma kwa dakika kumi na tatu.

"Bonyeza, wifi."

Anjila alijifuta mkono kwenye sketi kwanza. Akabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukatua, ukasema: *Umethibitisha.*

Hakuondoa macho. Aliusubiri ubadilike. Akaufungua upya, akatoka, akarudi, vile vile kama siku ile, na kila mara neno lilikuwa pale pale. Sunila alisimama pembeni akiuma ukucha. Nje, mtu alikuwa akianika mchele juu ya paa na kuwafukuza njiwa.

"Hiki tu ndicho kilichokosekana," Anjila alisema.

"Hicho tu."

"Kilichukua siku ngapi kukitengeneza?"

"Nne."

Anjila alivuta pumzi, akaizuia, akaiachia. Aliutazama mlango wa kabati, ile orodha ya kijani, mstari ule uliofutwa na kuandikwa upya juu yake kwa kalamu nzito. Aliusoma wote. Sunila alingoja kitu kizito, na aliona kinamstahili.

"Wale wengine kumi na saba," Anjila alisema mwishowe. "Wameambiwa?"

"Bodi imewaandikia. Nimejaribu kuwapigia mwenyewe. Nimewapata tisa." Alisita. "Wengine nikisikia tu wamepokea, sauti inanipotea. Nakata."

Anjila akanyoosha mkono. "Nipe namba."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba walibonyeza sawasawa."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaiweka karatasi ya majina juu ya goti, akapiga ya kwanza.